Mji wa Kutazamwa Tu

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Wifi yako hajambo. Lile jino lililokuwa linamsumbua limeng'olewa, na sasa anaongea kuliko zamani. Watoto wako shule. Mkubwa amenipita kwa urefu na kila akisimama karibu yangu anajinyoosha makusudi. Karakana inakwenda, nina kazi ya geti la shule, chuma kizito, mpaka mgongo unaniuliza tulikubaliana nini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Ukipiga wewe nakata mimi, nikipiga mimi unakata wewe, na siku zote mzee yuko pembeni yako anasikiliza. Barua huwezi kuikata. Utaisoma mpaka mwisho, hata kama utaisoma umenuna.

Swali langu ni moja. Baba anarudi lini?

Ulikuja Septemba ukasema unamchukua miezi miwili, apumzike, abadilishe hewa. Nikakubali, nikamnunulia na viatu vya safari. Leo mwezi wa tano umekwisha. Ile picha uliyotuma, amekaa dirishani, maji ya bluu nyuma yake na milima, anacheka, kila anayeiona hapa anasema mzee kapendeza. Mimi nimeitazama kwa macho ya fundi. Nimeona unyevu umepanda ukutani mpaka kwenye swichi. Nimeona kitanda kimoja. Sasa nieleze, baba analala wapi na wewe unalala wapi? Na zile ngazi ulizonisimulia kwa majigambo, tisini na nane kutoka barabarani hadi mlangoni kwako, mtu wa miaka sabini na minne mwenye goti bovu anazipandaje?

Huo mji wako nimefika mara moja tu. Nikaulizia bei ya chai, nikadhani wananitajia bei ya birika. Pazuri, sikatai. Lakini mandhari hayaliwi, na mzee wangu si mtalii.

Nijibu haraka.

Kaka yako


27 Februari

Shikamoo kaka,

Natumaini wote hamjambo. Mpe wifi pole ya jino. Huku mvua zimeanza na nguo hazikauki. Kazini, kule chini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, tumeletewa mashine mpya ya kunyoosha mashuka. Mimi naingiza upande mmoja, mwenzangu anapokea upande wa pili, na kwa kelele zake tunaongea kwa mikono kama mabubu.

Nimechelewa kwa sababu barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro, hasira zipoe. Hazijapoa, lakini karatasi imekunjika, nikaona nijibu kabla haijachanika.

Ndiyo, kitanda ni kimoja. Analala baba. Mimi nina godoro ambalo mchana nalisimamisha nyuma ya mlango. Unyevu upo, nauona kila siku, sihitaji fundi wa mageti anionyeshe. Ngazi anazipanda polepole, anapumzika mara nne. Kila anapopumzika anageuka kutazama maji, na akifika juu hahemi kama unavyohema wewe ukitoka sokoni.

Nimemuuliza kama anataka kurudi. Nimemuuliza mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia niangalie meli. Mara ya pili akauliza kama chumvi ipo. Mara ya tatu akavaa viatu akatoka. Sasa ulitaka nimfunge kamba nimpakie kwenye basi?

Anakula vizuri. Amenenepa kidogo shingoni. Siku hizi asubuhi anatoka kunyoosha miguu, hewa inamfaa.

Umeandika ukurasa mzima, kaka. Umeuliza habari za baba, za goti, za kitanda na za swichi. Mimi hujaniuliza hata mstari mmoja. Miaka kumi na moja niko huku, na ninyi mnaongea juu yangu kama mtu aliyekwenda pikiniki akasahau kurudi.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako


19 Machi

Wewe,

Salamu zipo, wote wazima, geti limekwisha. Sina nafasi ya habari nyingine.

Anayetuletea vyuma hapa karakana, yule dereva wa lori mwenye kidevu kirefu, unamfahamu. Wiki iliyopita alipeleka mzigo mjini kwenu. Akaona apande kule kileleni watalii wanapopigia picha, na yeye apige yake. Kufika kwenye maegesho anamkuta nani? Anamkuta mzee mmoja amevaa kizibao cha manjano cha kung'aa, filimbi mdomoni, anaelekeza magari. "Nyuma, nyuma, kata kulia, hapo hapo!" Dereva akadhani macho yanamdanganya. Akashuka, akaamkia. Baba akamwambia, "Marahaba, lakini lori haliruhusiwi hapa."

Wanamwita Mzee Nyuma-Nyuma. Dereva amekuja kunihadithia mbele ya mafundi wangu huku anacheka mpaka anashika tumbo. Na mafundi nao wakacheka. Niliwasha mashine ya kuchomelea nikakaa nyuma ya kinyago changu mpaka wote walipotawanyika.

Mtu aliyejenga nusu ya mji huu! Soko alijenga yeye, zahanati alijenga yeye, na hii nyumba ninayoandikia barua kaisimamisha kwa mikono yake. Leo anapigiwa honi na vijana wa kukodi magari. "Anatoka kunyoosha miguu." Hayo ni maneno yako, ninayo hapa mbele yangu, na mwandiko ni wako. Umenidanganya bila hata kutetemeka mkono.

Kama huo mji umekushinda, sema umekushinda, urudi nyumbani. Usimtume mzee akakutafutie kodi ya dirisha lako.

Nakupa wiki mbili umrudishe.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka,

Hamjambo. Wiki mbili zimepita na baba bado yupo, kwa hiyo unajua jibu.

Nilidanganya. Nakubali. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Januari mwenye nyumba alipandisha kodi. Wiki hiyo hiyo kazini wakatupunguzia zamu, kwa sababu ile mashine moja inafanya kazi ya watu wanne. Sikumwambia baba. Nikawa natoka asubuhi kama kawaida hata siku zisizo na zamu, nakaa kituo cha basi mpaka jioni, narudi nimejifanya nimechoka. Nilimficha wiki tatu. Siku moja naingia namkuta amekaa kitandani, viatu miguuni. Akaniambia, "Mama, mikono yako haina harufu ya sabuni." Basi.

Kesho yake alishuka ngazi zote, akapanda kile kilima, akamkuta msimamizi wa maegesho anahangaika na ukuta uliotitia upande wa bondeni. Akamwonyesha ulipokosewa. Yule akampa kizibao. Mimi nilijua baada ya siku nne, nilipoambiwa na jirani. Nilikwenda mbio. Nikamwambia, "Baba, vua hiyo nguo twende nyumbani." Akasema, "Niko kazini. Sogea, gari linarudi nyuma." Nikalia pale pale mbele ya watu. Mtalii mmoja akanipa kitambaa, akadhani nimeguswa na mandhari.

Unadhani mimi sina aibu? Unadhani mafundi wako tu ndio wanaocheka?

Na sasa zamu yangu kuuliza. Mwezi wa pili mjukuu wake mkubwa alizungumza naye kwa simu. Akamwambia, "Babu, siku hizi tunasikia kelele za grinda mpaka sebuleni, baba ameweka mashine chumbani kwako." Baba alimaliza salamu zake vizuri. Akaweka simu chini. Akaniambia tu, "Kaka yako amepata pa kuweka mashine," akaendelea kumenya viazi.

Unamtaka arudi, arudi wapi? Unanipigia kelele nimrudishe mzee kwenye chumba ulichokwisha kukivunja. Uliandika ukurasa mzima kuhusu swichi yangu. Chumba chake hukukitaja.

Tena nakuongezea na hii uifurahie: mwenye nyumba ametupa notisi. Anataka kuvigeuza vyumba vyote kuwa vya wageni wa kulala siku mbili tatu. Tunatakiwa kutoka mwisho wa Julai.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Wifi yako anakusalimia. Ndiye aliyenisomea barua yako kwa sauti, maana nilipofika kwenye habari ya kituo cha basi niliitupa. Pole na hilo. Ningejua ningesema jingine. Pole.

Lakini kwa hili la chumba usinipande kichwani.

Ndiyo, nimevunja ukuta. Niliuvunja Novemba, miezi miwili tangu aondoke. Unajua kwa nini? Nilikwenda kutafuta timazi yake, ile kamba yenye kizito, nipime nguzo kama imesimama wima. Haipo. Nikatazama mwiko wa saruji, haupo. Pima maji haipo. Mtu anayekwenda kupumzika miezi miwili hachukui timazi. Alituaga sote akisema anarudi, akala chakula cha wifi yako akamshukuru, na kwenye begi chini ya mashati amepanga zana zake. Nilikaa kwenye kitanda chake nikajiona mjinga. Kesho yake nikachukua nyundo.

Miaka tisa tangu mama afariki nimekaa na mzee huyu. Nani alimpeleka hospitali goti lilipovimba? Nani alimwogesha wiki ile alipozidiwa na homa? Wewe ulikuwa unatuma picha za machweo. Na miaka yote tisa, sikumbuki siku aliyosema, "Mwanangu, hapa pazuri." Hakusema. Anakula, anashukuru, anarudi kwenye kiti chake barazani. Sasa amekaa kwako miezi, kwenye unyevu, godoro nyuma ya mlango, na dereva wa lori ananiambia mzee anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Mimi meno ya nyuma ya baba sijayaona tangu nikiwa mdogo.

Jumamosi ijayo nakuja. Usimwambie. Nitamchukua mwenyewe.

Kaka yako


1 Juni

Kaka,

Sitaki kujua hali yenu, najua ni wazima, kwa sababu ulifika mpaka huku kwa miguu yako.

Ulifika! Nilikuwa nimepika. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikaosha ngazi za juu zote, nikaazima kiti kwa jirani. Nikakaa tangu saa nne. Jioni baba anapanda peke yake, amebeba mfuko wa machungwa. Nikamuuliza, "Kaka hajafika?" Akasema, "Amefika, ameondoka. Haya ametoa yeye." Akaingia kulala bila kula.

Umesafiri usiku kucha, umefika mpaka mjini kwangu, umegeuka. Miaka kumi na moja hujakanyaga ninapoishi, na siku ulipofika ukanitumia machungwa kama unamwona mgonjwa usiyemjua!

Siku iliyofuata baba hakwenda kazini. Tangu alipoanza hajawahi kukosa. Alikaa akitazama nje, na ninapomuuliza mlizungumza nini ananiambia, "Muulize aliyekuja." Basi nakuuliza wewe. Ulimwambia nini baba yangu?

Nijibu ukweli au usijibu kabisa.

Mimi


20 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili zimeishia kwenye moto wa karakana.

Nilifika saa tano. Nikapanda kilimani moja kwa moja kwa sababu nilitaka kumkuta akiwa amevaa kile kizibao, nimwone kwa macho yangu nipate hasira ya kutosha. Nikasimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya kibanda cha kofia. Nikamtazama labda nusu saa. Anatembea wima. Anachechemea, lakini wima. Ikaja gari nyeupe, kijana ndani akamwambia, "We mzee, amka basi!" Nilivuka barabara sijui saa ngapi. Nikafungua mlango wa gari, nikamshika yule kijana shati. Kilichofuata ni kwamba mtu amenishika mimi ukosi kwa nyuma, kwa nguvu, kama nilivyokuwa nakamatwa nikiwa na miaka minane. Baba. Akamwomba yule kijana radhi. Akaniburuta mpaka kwenye ule ukuta aliourekebisha, akanikalisha.

Akaniuliza, "Umekuja kunitazama au kunichukua?"

Nikasema, "Kukuchukua."

Akasema, "Kazi inaisha saa kumi na mbili."

Hapo ndipo niliposema maneno. Nilimuuliza kwangu alikosa nini. Nilimwambia anatupaka matope. Nilimwambia kwamba mama angekuwapo, yeye baba asingethubutu kwenda kuvaa nguo ya taa barabarani. Hilo la mama najuta. Gari mbili zikaingia bila kuelekezwa. Kisha akasema polepole, nami nakuandikia kama alivyosema, maana siyasahau:

"Hamkunikosea. Mlinipa kiti kizuri, mkaniambia nikae. Nimejenga miaka arobaini, mwanangu, na kila dirisha nililoweka kule kwetu linatazama ukuta wa mtu mwingine. Nikikaa barazani kwako naona ukuta wangu mwenyewe. Nilikuwa nakaa hapo nangoja kufa, na ninyi mlikuwa mnanipikia vizuri ningoje nimeshiba."

Nikamwambia, "Na hapa hufi?"

Akasema, "Nitakufa. Lakini hapa singoji."

Akasimama akarudi kwenye magari yake. Mimi nilibaki nimekaa. Mbele yangu ile ghuba yote, meli mbili, milima, na watu wanapiga picha wakinipita miguuni. Nilikuwa nalia, na sikutaka kupanda kwako nikiwa nalia. Pia, nikuambie ukweli ulioutaka, sikutaka kufika kwenye dirisha lako nikakuta ana haki.

Nilinunua machungwa ili nisiende mikono mitupu. Nikampa, nikapanda basi la kurudi.

Bado nina hasira. Na wewe, na yeye, na huo mji unaochukua watu wazima kama mtoto mdogo anavyochukuliwa na peremende. Lakini Julai ikiisha huna pa kulala. Chumba nimekitoa mashine, nimejenga upya ukuta. Umepinda kidogo, maana nimejenga bila timazi. Njooni wote wawili, au aje atakayekuja.

Kaka yako


29 Julai

Shikamoo kaka,

Wasalimie wote. Mwambie wifi nakuja, Alhamisi jioni, nina mabegi mawili na sufuria moja kubwa. Nakuja peke yangu.

Baba habanduki. Msimamizi wa maegesho amempa chumba nyuma ya kibanda cha tiketi, sakafu ya saruji, mlango wa bati, bomba liko nje. Kwa malipo hayo atajenga upya ukuta wote wa bondeni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia, "Ukiumwa nani atakuangalia?" Akasema zahanati iko chini pale. "Na ukifa?" Akasema, "Mtakuja, si mnajua njia?" Nikatupa kikombe ukutani, kaka. Mimi, ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Akaokota vipande, akavifunga kwenye gazeti visimkate mtu wa taka.

Nilimleta mimi huku. Nilitaka mtu mmoja wa kwetu aone ninachokiona, aseme sikukosea kuja. Akaona. Akakipenda kuliko ninavyokipenda mimi. Na sasa mimi ndiye ninayeondoka.

Unaniuliza kila siku kama mji huu una thamani ya taabu yake. Jana niliacha kazi, nikarudi chumbani saa tatu asubuhi. Mwenye nyumba alikuwa amekuja na kamera, akaniomba nisogee apige picha ya dirisha kwa ajili ya tangazo. Nikamwambia chumba ni changu mpaka mwisho wa mwezi, atoke. Nikavuta kiti nikakaa. Unajua kwamba katika miaka kumi na moja sijawahi kukaa pale asubuhi? Asubuhi zangu zote niko chini ya ardhi na mashuka ya watu waliokuja kuangalia maji. Siku za mapumziko nalala. Nilikaa mpaka mchana. Ni pazuri, kaka. Pazuri kweli kweli, mpaka nikataka kupiga mtu. Nililipia miaka yote hiyo kitu ambacho sikuwa na nafasi ya kukitazama, na baba anakitazama bure, amevaa kizibao.

Leo nilipanda kumuaga. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono yake imejaa saruji, akaanza kusema kitu. Gari likapiga honi. Akaniambia, "Subiri kidogo, mama," akaenda kulielekeza.

Nilisubiri. Yakaja mengine mawili, na basi la watalii nyuma yake.

Nikashuka.

Mdogo wako